Heshima Inayostahili Muhogo

Mgeni akikuuliza Watanzania wanakula nini, utamtajia ugali wa mahindi, wali wa nazi, pilau, ndizi na nyama ya kuchoma, na huenda mazungumzo yakaisha kabla muhogo haujatajwa. Harusini haupikwi. Kiongozi akitembelea kijiji haandaliwi muhogo, hata kama kijiji kizima kinaishi kwa huo. Mzee anayesimulia miaka yake ya dhiki husema kwamba walikuwa wakishindia mihogo, na wasikilizaji humwelewa papo hapo, kwa maana muhogo umekuwa kipimo cha umaskini tangu enzi za ukoloni, serikali ya Kiingereza ilipowalazimisha wakulima wa Tanganyika kuupanda kama akiba ya njaa. Mimi nimekulia Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba ambayo tulikula bada, yaani ugali wa unga wa muhogo, kwa papa aliyepikwa kwa nazi, wala hakuna aliyeona aibu. Kadiri ninavyosoma historia ya mmea huu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumeudhulumu. Sidhani kama kuna chakula kingine katika sahani zetu kilichodai akili nyingi za binadamu kama muhogo, na sehemu kubwa ya akili hizo ilikuwa ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Asili yake si Afrika. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba muhogo ulitokana na mmea wa mwituni unaopatikana kusini-magharibi mwa bonde la mto Amazon, nchini Brazili, na wenyeji wa huko waliufanya zao la shambani maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika Amerika. Mizizi yake huoza isiache mabaki, kwa hiyo wanaakiolojia walitaabika kwa muda mrefu kutafuta ushahidi wa mashamba ya kale. Ushahidi mzuri kupita wote ulipatikana mwaka 2007 huko Joya de Cerén, nchini El Salvador, kijiji kilichofukiwa na majivu ya volkano yapata miaka 1,400 iliyopita. Timu iliyoongozwa na Payson Sheets wa Chuo Kikuu cha Colorado ilikuta matundu ndani ya majivu yaliyoganda, mahali ambapo mizizi ilikuwa imeoza na kutoweka, ikayamimina plasta, na plasta ilipokauka ikatoka na umbo kamili la muhogo. Shamba lilikuwa na matuta yaliyonyooka, lilikuwa limetoka kuvunwa, na mwenye shamba alikuwa ameshaanza kupanda upya volkano ilipolipuka. Mkulima yeyote wa Muheza au wa Newala angelitambua shamba lile kwa kulitazama mara moja.

Wareno waliuleta muhogo katika pwani ya Kongo na Angola katika karne ya 16, na kutoka huko ukasafiri ndani ya bara mikononi mwa Waafrika wenyewe. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ulifika kwa njia zaidi ya moja. Mojawapo ni ya visiwani: Mahé de La Bourdonnais, aliyekuwa gavana wa Kifaransa wa Mauritius na Réunion kuanzia mwaka 1735, aliuingiza huko kutoka Brazili ili kuwalisha watumwa. Tangu mwanzo, basi, wenye mamlaka waliuona kuwa chakula cha kuwapa watu wasio na uchaguzi, na nadhani dharau tunayoibeba mpaka leo ina mizizi hapo.

Sasa niingie katika jambo linalonivutia zaidi, nalo ni sumu. Watu wengi wanajua kwamba kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, na kwamba mchungu unaweza kuua. Wachache wanajua jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi, ilhali utaratibu wake ndio unaoeleza kila hatua ya mapishi ya muhogo duniani kote. Mmea haubebi sayanidi ikiwa huru, kwa sababu ingeuua wenyewe. Unabeba kemikali iitwayo linamarini, ambamo sayanidi imefungwa pamoja na sukari, na pembeni, katika sehemu nyingine ya tishu zile zile, unahifadhi kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Viwili hivi haviguswani mpaka mzizi ukatwe, utafunwe na panya au utwangwe. Vikigusana, linamarini huvunjika na sayanidi hutoka. Ni ulinzi wa ajabu: silaha haiko tayari mpaka adui ang'ate.

Binadamu aliugeuza ulinzi huo ukamfaa yeye. Sayanidi ya namna hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi, maana yake ni kwamba katika siku ya kawaida ya jua la Tanga inapaa yenyewe hewani, mradi kwanza iachiliwe kutoka kwenye kifungo chake. Kwa hiyo siri nzima ni kuuvunjavunja mzizi kabla ya kuupika. Ukiutwanga, ukiukwaruza, ukiuloweka mpaka ulainike au ukiuvundika mpaka uote ukungu, unakikutanisha kimeng'enya na linamarini, sumu inatoka, na jua au moto unamalizia kazi. Lakini ukiuchukua muhogo mchungu ukautumbukiza mzima katika maji yanayochemka, moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na sumu nyingi inabaki imefungwa ndani ya chakula ikisubiri kufunguliwa tumboni. Jambo hilo linakwenda kinyume na silika ya mpishi, ambaye hufikiri kwamba kuchemsha sana ni kusafisha sana. Viwango vya kimataifa vya chakula huuhesabu muhogo kuwa mtamu ikiwa una sayanidi chini ya miligramu 50 kwa kilo moja ya mzizi mbichi, na unga hutakiwa usizidi miligramu 10 kwa kilo. Mihogo michungu huweza kufikia mamia ya miligramu.

Fikiria basi ilichukua nini kwa watu wasio na maabara kugundua haya. Wenyeji wa Amazon walisuka tipiti, mfuko mrefu wa ukindu ambao hujazwa muhogo uliokwaruzwa, hutundikwa juu na kuvutwa kutoka chini hadi maji yote yenye sumu yakamuke. Maji yenyewe hayakumwagwa. Walijifunza kuyachemsha kwa muda mrefu hadi sumu ipae, wakapata mchuzi wa njano uitwao tukupi, ambao mpaka leo ndio ladha ya mji wa Belém. Wakazi wa bonde la Kongo waliloweka mizizi mtoni kwa siku kadhaa, wakaiponda, wakaifunga katika majani na kuipika kwa mvuke ikawa chikwangue, chakula kinachokaa siku nyingi safarini bila kuharibika. Kanda ya Ziwa wanatengeneza udaga, yaani muhogo uliovundikwa ukakaushwa, Lindi na Mtwara wanaanika makopa, vipande vya muhogo uliomenywa, juu ya mapaa. Watumwa walioachwa huru wakarudi Afrika Magharibi kutoka Brazili katika karne ya 19 walisaidia kueneza utengenezaji wa gari, yaani chengachenga za muhogo uliokwaruzwa na kukaangwa, ambazo leo ni chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu Nigeria, Benin na Togo. Kila jamii ilifika kwenye jibu lile lile kwa njia yake.

Na pale ambapo maarifa hayo yalikosekana, watu walikufa. Mwaka 1887 mvumbuzi Henry Morton Stanley aliajiri Unguja wapagazi zaidi ya 600 kwa ajili ya msafara wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, akawasafirisha kwa meli kuizunguka Afrika hadi mdomo wa mto Kongo. Sehemu ya msafara iliachwa Yambuya, kando ya mto Aruwimi, mwezi Juni mwaka huo, ikisubiri mizigo na watu. Ilisubiri karibu mwaka mzima. Chakula kilichopatikana kwa wingi katika mashamba ya jirani kilikuwa muhogo, nao Wazanzibari waliujua muhogo tangu utotoni, isipokuwa waliujua muhogo mtamu wa visiwani, ambao mtu huweza kuutafuna mbichi shambani asidhurike. Wa Aruwimi ulikuwa mchungu. Stanley aliporudi Agosti 1888 alikuta wengi wamekufa na waliobaki wamekuwa mifupa mitupu, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1890 alitaja muhogo huo usiotayarishwa kuwa sababu kubwa ya maafa. Maradhi, njaa na viboko vya maofisa vilichangia pia, na haifai kuuachia muhogo lawama yote. Hata hivyo, kila nikisoma habari hii huwaza kwamba mwanamke mmoja wa Aruwimi, kama angeulizwa kwa adabu, angeweza kuokoa maisha ya watu wengi kwa maneno machache kuhusu kuloweka.

Kuna madhara mengine ambayo hayaui ila hulemaza. Mwaka 1938 daktari wa Kiitaliano Giovanni Trolli alieleza kwa maandishi ugonjwa wa Kwango, nchini Kongo, uitwao konzo, ambao humpooza mtu miguu yote miwili kwa ghafla, mara nyingi katika siku moja, na kumwacha hivyo maisha yake yote huku akili zake zikiwa timamu. Chanzo chake hakikujulikana vyema mpaka mwaka 1981, ukame ulipoukumba mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, wakapooza. Miongoni mwa madaktari waliouchunguza ugonjwa huo walikuwa Julie Cliff wa Australia na Msweden Hans Rosling, yule ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kote kwa mihadhara yake ya takwimu. Kilichobainika ni kwamba mwili una uwezo wa kuigeuza sayanidi kidogo kidogo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini. Anayekula muhogo usiotayarishwa vizuri kwa wiki nyingi, bila maharage wala samaki, anakosa kinga. Nikikumbuka bada yetu na kipande cha papa pembeni, naona kwamba kitoweo kile kilikuwa na kazi kubwa kuliko ladha.

Kisa cha konzo kinachonisikitisha zaidi kinatoka Bandundu, Kongo. Wanawake wa huko walizoea kuloweka muhogo kwa siku tatu. Barabara ya lami kwenda Kinshasa ilipofika, wanunuzi walianza kuja na malori, soko likawa na haraka, na siku tatu zikapunguzwa hadi moja ili mzigo uwahi. Watafiti walipochunguza vijiji vilivyokumbwa na konzo waligundua kwamba kufupishwa huko kwa uloweshaji ndiko kulikoacha sumu katika unga. Ugonjwa huu uliripotiwa Tarime katika miaka ya 1980, na pia kusini mwa Tanzania, kwa hiyo si habari ya mbali. Dawa yake ya kinga ni rahisi mno kiasi kwamba inashangaza kuwa haifundishwi kila shule. Howard Bradbury, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alionyesha kwamba unga wa muhogo ukichanganywa na maji ukawa tope, kisha ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sehemu kubwa ya sayanidi iliyosalia hutoka. Halafu unapika ugali wako siku hiyo hiyo kama kawaida. Njia hiyo imetumiwa katika vijiji vyenye konzo Kongo, Msumbiji na hapa Tanzania, nayo haigharimu hata senti.

Majani ya muhogo yana sumu nyingi kuliko mizizi, na hapo ndipo ninapomkumbuka bibi yangu na kisamvu chake. Alichuma ncha changa tu, akazikatakata, akazitia kwenye kinu na kuzitwanga hadi hakuna jani lililoonekana kuwa jani. Ilibaki rojorojo ya kijani kibichi iliyong'aa kwa maji yake yenyewe, na harufu kali iliyokuwa ikichoma pua. Aliipa moto wa muda mrefu bila kufunika sufuria, na mjukuu aliyeweka kifuniko ili chakula kiive upesi alikemewa. Ndipo yalipofuata matui, jepesi kwanza na zito mwisho, pamoja na karanga zilizotwangwa. Baadaye sana, niliposoma kuhusu kimeng'enya na mvuke, nilielewa kwamba kila alichokisisitiza, kuanzia kutwanga hadi kuacha sufuria wazi, kilikuwa sahihi kikemia. Kongo wanakiita sombe au pondu, na Wakongo waishio Ulaya hukinunua kikiwa kimegandishwa katika maduka ya Matonge, mjini Brussels. Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa Nigeria, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha muhogo, kwa kawaida hawali majani yake kabisa.

Kwetu Tanga kuna pia kisamvu cha mpira, ambacho majani yake huchumwa kutoka kwenye mti mrefu usiozaa mihogo ya kuliwa. Mti huo ni ndugu wa muhogo, unatoka jimbo la Ceará nchini Brazili, na ulipandwa hapa na Wajerumani walipotaka utomvu wa kutengenezea mpira. Bei ya mpira iliporomoka mwaka 1913, mashamba ya Asia yalipofurika sokoni, na mashamba ya huku yakatelekezwa. Miti ikabaki. Kwa mtazamo wa mwekezaji ilikuwa hasara tupu, lakini bila miti ile huenda Afrika ingekuwa imepoteza muhogo, na kisa hicho kilitokea kilomita chache kutoka nyumbani kwetu.

Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, alieleza ugonjwa aliouona katika mihogo ya Usambara, ambao majani yake hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Ndiyo batobato, na hayo ndiyo maelezo ya kwanza ya kisayansi ya ugonjwa huo popote duniani. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti huko Amani, juu milimani, ambayo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilishikwa na Waingereza. Hapo Amani, katikati ya miaka ya 1930, Harold Storey alianza kutafuta muhogo usioshikwa na batobato. Alikusanya aina kutoka nchi nyingi, na karibu zote zilidhurika. Hapo ndipo alipougeukia mti wa mpira. Alichavusha maua ya muhogo kwa chavua ya mpira, akapata mimea iliyohimili ugonjwa lakini yenye mizizi myembamba isiyofaa kuliwa, kisha mimea hiyo ikazalishwa tena na muhogo, na watoto wake tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikarudi kuwa minene huku uhimilivu ukibaki. R. F. W. Nichols aliendeleza kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1951, na D. L. Jennings akaipokea. Walioitwa vibarua, waliopanda, waliopalilia na kuihesabu mimea hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, walikuwa watu wa vijiji vya Usambara, na nasikitika kwamba siwezi kutaja hata mmoja wao kwa jina.

Mbegu kutoka kwenye uzao wa Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na mojawapo ya mimea iliyotokana nazo ilipewa namba 58308. Miaka ishirini hivi baadaye, mtafiti wa Kikorea S. K. Hahn, katika Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki mjini Ibadan, aliitumia namba hiyo kuzalisha aina zilizoenea Afrika nzima, na maarufu kuliko zote ni TMS 30572. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda, ikisambazwa na nzi weupe, ikafuta mashamba wilaya baada ya wilaya na kuleta njaa. Miongoni mwa aina zilizogawiwa kwa wakulima ili kuokoa hali ilikuwa Migyera, ambayo si nyingine bali ile ile TMS 30572. Muhogo wenye damu ya mpira wa Usambara ulikuwa umezunguka hadi Afrika Magharibi, ukarudi Afrika Mashariki kuwalisha jirani zetu. Sijawahi kusikia habari hii ikisimuliwa katika darasa lolote la Tanga, nami naona ni haki ya kila mtoto wa Muheza kuijua.

Wadudu nao wana historia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionekana Kongo mdudu mdogo aliyefunikwa na unga mweupe, ambaye alifyonza ncha za muhogo hadi zikasinyaa, na katika muda mfupi akaenea kutoka Senegal hadi Msumbiji. Alikuwa amekuja kutoka Amerika Kusini bila adui wake. Adui huyo alipatikana mwaka 1981 nchini Paraguay: nyigu mdogo mno, asiyeuma watu, ambaye hutaga mayai ndani ya mwili wa mdudu huyo. Mtaalamu wa Uswisi Hans Herren na wenzake walimzalisha kwa wingi na kumwachilia katika nchi moja baada ya nyingine, mara nyingine kwa ndege. Mashamba yalipona bila dawa za sumu, na Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, mdudu yule yule aliibuka Thailand, muuzaji mkubwa kuliko wote wa bidhaa za muhogo katika soko la dunia, na Wathai wakaja Benin kuchukua nyigu wazao wa wale walioiokoa Afrika.

Nalitaja hili la Thailand kwa sababu vijana wengi wa mijini, hata wale ambao hawawezi kupigwa picha wakila muhogo, leo wanapenda chai ya Kitaiwani yenye gololi nyeusi zinazotafunika, ile inayonywewa kwa mrija mnene. Gololi hizo ni wanga wa muhogo uliokandwa na sukari guru. Kinywaji hicho kilizuka Taiwan katika miaka ya 1980, na maduka mawili, moja la Taichung na lingine la Tainan, yaligombania mahakamani nani alikibuni, kesi ikachukua miaka kumi, mpaka mwaka 2019 mahakama iliposema kwamba mtu yeyote anaweza kukitengeneza na hakuna haja ya kuamua. Mwaka 2020 kikapata alama yake katika simu zetu, miongoni mwa vile vijipicha tunavyotumiana. Muhogo ukibadilishiwa vazi, watu hulipa bei ya juu na kupanga foleni.

Brazili haikuhitaji kuubadilishia vazi. Rasimu ya katiba iliyoandaliwa huko mwaka 1823, baada ya uhuru, ilipendekeza kwamba haki ya kupiga kura ipimwe kwa kipato kinacholingana na kiasi fulani cha unga wa muhogo, na ili mtu awe mpiga kura ilimpasa afikie thamani ya vipimo 150. Wabrazili wakaiita Katiba ya Muhogo. Mfalme Pedro wa Kwanza alilivunja bunge hilo kabla rasimu haijapita, na ubaguzi wake dhidi ya maskini haustahili sifa, lakini inaonyesha kwamba kulikuwa na taifa ambalo mali ya tajiri ilipimwa kwa muhogo. Na mwezi Desemba 2024, UNESCO iliuingiza mkate wa muhogo wa Karibi, ule ambao Wahispania waliukuta kwa wenyeji wa visiwa vile na kuubeba katika merikebu zao, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya Kuba, Jamhuri ya Dominika, Haiti, Honduras na Venezuela.

Kwetu muhogo unaheshimiwa pale tu unapokuwa starehe. Coco Beach, jijini Dar es Salaam, hukaangwa ukaliwa kwa kachumbari na pilipili, na watu huja kwa magari kuufuata. Mombasa, ufukweni Mama Ngina, huchomwa, ukapasuliwa na kupakwa ndimu na pilipili. Unguja una nafasi yake hata katika taarabu, na wanaomkumbuka mwimbaji Bi Kidude wanaujua wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe. Lakini hata hapo, mlaji haulizi anakula muhogo gani, ingawa aina ni nyingi na ladha zake hutofautiana kama zinavyotofautiana za mchele. Kibandameno, unaopendwa pwani ya Kenya, ni mtamu na huiva upesi. Kiroba umeenea kwa sababu huvumilia michirizi ya kahawia, ugonjwa mbaya kuliko batobato kwa maana moja: majani yanaweza kuonekana mazima kabisa, na mkulima asijue kitu mpaka siku ya kuvuna, anapoukata mzizi na kukuta madoa makavu ya rangi ya kutu yameujaa. Ugonjwa huo nao ulielezwa kwa mara ya kwanza na Storey, akiwa Amani, mwaka 1936.

Aina inayouhimili vizuri kuliko nyingi huitwa Namikonga kusini mwa Tanzania. Pwani ya Kenya kuna aina nyingine iliyosifiwa kwa sababu hiyo hiyo, iitwayo Kaleso. Wataalamu walipolinganisha vinasaba walikuta kwamba ni mmea mmoja, uzao wa Amani uliopita mikononi mwa wakulima wa pande zote mbili za mpaka, jirani akimpa jirani pingili za kupanda, hadi asili yake ikasahaulika. Muhogo haupandwi kwa mbegu bali kwa pingili, na ukarimu huo unaosambaza aina nzuri ndio unaosambaza ugonjwa pia, kwa sababu virusi husafiri ndani ya mti bila kuonekana. Kwa hiyo anayetaka pingili kwa jirani msimu ujao aziombe wakati wa mavuno, si kabla. Aione mizizi ya shina lile ikikatwa mbele yake, na achukue pingili za shina ambalo mizizi yake yote ni myeupe hadi katikati.